Swali Refu kwa Sisimizi wa Laikipia

Weka mkono wenye glavu kwenye tawi la mgunga wa Laikipia, utulie nusu dakika, kisha hesabu sisimizi waliokupanda. Hicho ni kipimo halali cha kisayansi. Hakihitaji umeme wala maabara. Kinahitaji saa, glavu, na mtu anayeweza kuhesabu viumbe wenye hasira bila kumruka hata mmoja. Akimaliza anahamia mti wa pili, wa tatu, wa mia, na baadaye anarudi kwenye miti ile ile kwa kufuata namba za vibati vilivyofungwa shinani. Kwa vipimo vya namna hii, vilivyorudiwa mwaka baada ya mwaka, kundi dogo la wanabaiolojia limeweza kusema jambo zito kuhusu fumbo la zamani: viumbe wawili, kila mmoja akijitafutia lake, wanawezaje kusaidiana vizazi na vizazi bila mmoja kumla mwenzake?

Mgunga wenyewe si mti wa kuvutia. Wataalamu wanauita Acacia drepanolobium, ingawa siku hizi wengi huandika Vachellia. Ni mfupi, una miiba mirefu myeupe, na huota kwenye ule udongo mweusi mzito ambao ukinyeshewa hunasa gari likabaki hapo mpaka lije trekta. Katika udongo huo, huko nyanda za Laikipia katikati ya Kenya, karibu kila mti unaouona ni wa aina hiyo moja. Baadhi ya miiba yake huvimba chini ikawa vifundo vyenye uwazi ndani. Sisimizi huvitoboa na kuhamia humo, na upepo ukipita kwenye matundu yale mti hupiga mluzi. Kwenye vikonyo vya majani kuna vitezi vinavyotoa maji matamu. Mti basi unatoa nyumba na chakula. Sisimizi wanatoa ulinzi: mnyama akigusa tawi wanamiminika, wanauma, wanaingia puani na pembeni mwa macho.

Habari ya mapatano kama haya haikuanzia Laikipia. Mwaka 1966 Mmarekani Daniel Janzen alichapisha utafiti wake wa Mexico kuhusu migunga yenye miiba mfano wa pembe za fahali. Aliwaondoa sisimizi kwenye baadhi ya miti, akawaacha kwenye mingine, akatazama. Miti iliyonyimwa walinzi ililiwa na wadudu na kufunikwa na mimea mingine. Ni jaribio safi, na walimu wa baiolojia bado wanalisimulia. Ila usafi wake ulituachia picha nyepesi mno: mti mmoja, mlinzi mmoja, wote wawili wanafaidika, hadithi imekwisha.

Fumbo lilikuwa halijaguswa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859, aliwapa wapinzani wake silaha kwa mkono wake mwenyewe: mtu akimwonyesha kiungo cha kiumbe kilichoundwa kwa faida ya kiumbe wa spishi nyingine peke yake, nadharia yake inavunjika. Kwa hiyo mti unaojenga nyumba za sisimizi lazima uwe unapata kitu. Swali ni nini kinamzuia mdoezi. Sisimizi anayekaa bure, anayekunywa bure na asiyepigana anaokoa nguvu zake. Kwa hesabu ya kawaida ya uteuzi asilia ndiye angezaa zaidi, na baada ya muda nchi yote ingejaa wadoezi.

Laikipia ni mahali pazuri pa kuuliza hilo kwa sababu wadoezi wapo, tena kwa majina. Mti mmoja kwa kawaida hukaliwa na kundi la spishi moja tu, lakini spishi zinazogombea miti hiyo ni nne. Crematogaster mimosae ndiye mwenye miti mingi zaidi, takriban nusu ya yote. Hukaa kwenye vifundo, hutegemea maji matamu, na hukasirika upesi. Crematogaster nigriceps naye ni mkali, ila ana tabia ya kushangaza. Huyatafuna machipukizi ya pembeni pamoja na yale ambayo yangekuwa maua, mti ukabaki umejikunja, hautoi ua wala mbegu. Kwa kauli ya mfugaji, ameuhasi. Tetraponera penzigi huviharibu vitezi vya maji matamu. Na Crematogaster sjostedti hata kwenye vifundo haishi. Hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu wa mbawakawa ndani ya mbao, hulinda kivivu, na mabuu hao wanaendelea kuutoboa mti huku yeye akinufaika na vyumba vipya.

Maureen Stanton, Todd Palmer na Truman Young walikaa na hawa wanne kwa miaka. Ninachokipenda katika kazi yao ya mwanzo ni wepesi wa vifaa. Walitaka kujua nani anamshinda nani, kwa hiyo walichukua miti miwili jirani yenye makundi tofauti, wakayafunga matawi yake pamoja, wakangoja vita. Vita vikaja. Matokeo yalijipanga kwa ngazi: sjostedti juu, anafuata mimosae, kisha nigriceps, na penzigi chini kabisa. Tena ukubwa wa jeshi ulikuwa na uzito wake, maana katika vita vya kuuana mmoja kwa mmoja mwenye askari wengi ndiye anayebaki.

Ukishaijua ngazi hiyo, uharibifu wa wale wanyonge unaanza kueleweka. Mwaka 1999 watatu hao na wenzao waliandika katika jarida la Nature kwamba nigriceps anapoukata mti pembeni, mti hauwagusi majirani, na tawi lisilogusana na jirani ni daraja ambalo adui mwenye nguvu halipati. Penzigi anayeharibu vitezi anaufanya mti wake usitamaniwe na wale wenye nguvu, ambao wanayahitaji yale maji matamu. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, na mti ndio unaolipa. Mtu angesema kikulacho ki nguoni mwako, akafunga daftari. Wao hawakulifunga.

Hapa inabidi niuzungumzie uzio, kwa sababu kazi yote inayofuata imesimama juu yake.

Mwaka 1995, katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, Young alianzisha jaribio la viwanja 18, kila kimoja mita 200 kwa 200. Viwanja hivyo viligawanywa kwa namna sita, na kila namna ikarudiwa mara tatu. Kuna wanakoingia wanyama wote. Kuna wanakoingia ng'ombe peke yao. Kuna wanakoingia wanyamapori isipokuwa tembo na twiga. Na kuna ambako hakiingii kitu chochote chenye uzito wa zaidi ya kilo 15. Fikiria ugumu wa ile namna ya tatu: utamzuiaje tembo na usimzuie pundamilia? Nyaya za umeme zilitundikwa juu, kama mita mbili kutoka ardhini, pundamilia akawa anapita chini yake. Ng'ombe huingizwa na wachungaji kwa saa chache, kisha hutolewa, kwa kufuata uchungaji wa Laikipia wenyewe. Ubunifu wa aina hii hauonekani kwenye grafu za makala. Upo kwenye kimo cha waya.

Uzio huo haukujengwa kwa ajili ya sisimizi. Ulijengwa kujibu swali la wafugaji na wahifadhi: je, ng'ombe na wanyamapori wanapokonyana nyasi? Jibu lilipatikana pia. Mwaka 2011 Mkenya Wilfred Odadi na wenzake walionyesha kwamba wakati wa kiangazi wanapokonyana kweli, lakini wakati wa mvua ng'ombe wanaochunga pamoja na wanyamapori huongeza uzito zaidi ya wale wanaochunga peke yao. Lakini uzio ukishasimama miaka, watu wengine wanaweza kuja na maswali ambayo mjenzi hakuwa nayo siku ya kuchimba mashimo ya nguzo. Wanaikolojia wa sisimizi walikuja na lao.

Matarajio ya kawaida yalikuwa rahisi. Mwondoe twiga, mwondoe tembo, mti usiliwe na mtu, nao utastawi. Miaka kumi baada ya uzio kujengwa, ndani ya viwanja vilivyofungiwa wanyama wote wakubwa, miti haikuwa imestawi. Ilikuwa na vifundo vichache na vitezi vichache, kwa sababu mti usioliwa hupunguza matumizi. Tajiri ambaye miaka kumi hajaona mwizi huanza kumkata askari mshahara. Mimosae, aliyetegemea malipo hayo, alipungua idadi na ukali. Kile kipimo cha hasira kilianza kuonyesha namba ndogo. Badala ya maji matamu ya mti, makundi yake yaligeukia zaidi wadudu magamba, ambao hunyonya utomvu wa mti na kutoa tone la utamu nyuma. Askari aliyekatwa mshahara alianza kufuga wezi wake mwenyewe.

Jeshi lililopungua halishindi vita vya matawi, kwa hiyo sjostedti akaingia na kuchukua miti. Pamoja naye walikuja mbawakawa na mabuu yao. Miti iliyokuwa chini ya sjostedti ilikua polepole, na uwezekano wake wa kufa ulikuwa mara mbili ya ile iliyokuwa bado na mimosae. Makala yalitoka katika jarida la Science mwaka 2008, Palmer akiwa mwandishi wa kwanza. Kwa ufupi yalisema kwamba twiga na tembo, maadui wa mti, ndio waliokuwa wanaushikilia mkataba wa mti na mlinzi wake usivunjike.

Zingatia jambo moja kuhusu tarehe. Jaribio hili lingefungwa baada ya miaka miwili, kama ambavyo ufadhili mwingi wa utafiti hulazimisha, kuna hatari matokeo yangesomeka kinyume: mti usioliwa, wenye majani mengi, unaookoa gharama. Makala yangechapishwa, yangekuwa na takwimu sahihi, na yangetupotosha. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkuu wa kazi hii, kuujua urefu wa swali unalouliza. Mti huu unaishi miaka mingi, na mkataba wake hauwezi kuhukumiwa kwa msimu mmoja.

Hilo lilidhihirika zaidi mwaka 2010, katika makala ambayo nadhani ndiyo bora kuliko yote waliyoandika, ingawa hayakupata umaarufu wa yale ya twiga na tembo. Palmer, Stanton, Young na wenzao, akiwemo Daniel Doak aliyebobea katika hesabu za idadi ya viumbe, walirudi kwa wale wadoezi. Hakuna mtafiti anayeweza kuutazama mgunga tangu mbegu mpaka kifo. Angezeeka kabla yake. Walichofanya ni kufuatilia miti zaidi ya elfu moja ya kila umri kwa miaka minane: nani anakaa humo, umekua kiasi gani, umezaa au haukuzaa, umekufa au uko hai, mpangaji amebadilika lini na amemfuata nani. Kisha wakaunganisha vipande hivyo kwa hesabu, mche wa mwaka huu ukipokelewa na mti mdogo wa pale, na mti mdogo ukipokelewa na mkubwa, mpaka ukapatikana mfano wa maisha mazima ya mti, na ndani yake mpangilio wote wa wapangaji.

Ukipima kwa mwaka mmoja, nigriceps ni balaa tupu. Mti uliohasiwa hauna mtoto. Ukipima kwa maisha mazima, picha inapinduka. Mti mdogo usingezaa sana hata ungeachwa huru, na hatari yake kubwa ni kuliwa ukiwa bado mfupi. Mlinzi mkali katika umri huo, hata kama anakata maua yote, anaununulia mti miaka ya kuishi, na maua yatakuja baadaye chini ya mpangaji mwingine. Kwa hesabu yao, mti unaopitia mikononi mwa spishi mbalimbali katika maisha yake, akiwemo yule anayehasi na yule anayefupisha uhai, huacha uzao mwingi kuliko mti ambao ungekaa na mlinzi “bora” peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Udoezi haukutoweka. Uligeuka kuwa jambo la umri: anayekuibia ukiwa mkubwa huenda ndiye aliyekuwa na faida ulipokuwa mdogo.

Ilibidi watu wajaze madaftari kwa miaka minane ili sentensi hiyo iandikwe. Sehemu kubwa ya kazi ya namna hii hufanywa na wasaidizi wa utafiti, wengi wao wenyeji, wanaotembea kati ya miiba wakitafuta kibati kilichofunikwa na gome. Majina yao huishia kwenye aya ya shukrani, kwa herufi ndogo, baada ya majina ya wafadhili. Nimezoea kuisoma aya hiyo kwanza.

Majaribio mengine yalikuwa mafupi, nayo yana uzuri wake. Jacob Goheen na Palmer walitaka kujua kama tembo anaiogopa miiba au sisimizi. Waliwapelekea tembo yatima waliokuwa wakilelewa kusini mwa Kenya matawi ya mafungu manne: mgunga huu ukiwa na sisimizi, mgunga huu bila sisimizi, mgunga wa aina nyingine ambao tembo huupenda, na mgunga huo wa pili uliopandikizwa sisimizi. Tembo walikula matawi yasiyo na sisimizi ya miti yote miwili bila ubaguzi, na wakayaepuka yenye sisimizi ya miti yote miwili. Miiba haikuwa hoja. Mkonga wa tembo, pamoja na nguvu zake zote, ni laini sana ndani. Wakaenda mbali zaidi: huko porini waliwapunguza sisimizi kwenye miti kwa viwango tofauti, wakaona kadiri walinzi walivyopungua ndivyo tembo walivyovunja zaidi. Hatimaye picha za satelaiti za kati ya 2003 na 2008 zilionyesha kwamba kwenye udongo wa kichanga, ambako mgunga wa sisimizi hauoti, miti ilipungua, lakini kwenye udongo mweusi ilibaki vilevile. Kutoka puani mwa tembo yatima hadi picha ya satelaiti, hoja ni moja, na kila hatua imepimwa peke yake.

Mwaka 2019 Wajerumani Felix Hager na Kathrin Krausa waliongeza kipande kidogo kitamu. Tawi linatikisika upepo ukivuma, na linatikisika mnyama akilitafuna. Sisimizi anayekimbilia kila mtikisiko atachoka bure. Walirekodi mitikisiko ya aina zote mbili, wakairudia kwa mtambo kwenye matawi. Sisimizi waliupuuza upepo. Mtikisiko wa mnyama uliwafanya watoke, tena wakaelekea ulikotokea.

Kisha alikuja mgeni. Sisimizi wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ameenea katika nchi nyingi za joto, na katika miaka ya karibuni amekuwa akisambaa Laikipia. Hana mkataba na mgunga. Huwavamia mimosae kwenye vifundo vyao, huua wakubwa na kula mayai na mabuu, kisha huuacha mti bila mlinzi. Corinna Riginos na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba katika maeneo yaliyovamiwa uwezekano wa mti kuvunjwa vibaya na tembo ulikuwa mara tano hadi saba ya kwingineko. Yale majaribio ya kuondoa sisimizi, yaliyofanywa kwa uangalifu mti mmoja mmoja, sasa yalikuwa yanafanywa na mdudu mwenyewe kwenye nyanda nzima.

Aliyelifuata jambo hilo mpaka mwisho wake ni Mkenya Douglas Kamaru, mwandishi wa kwanza wa makala yaliyotoka Science mwezi Januari 2024. Utafiti ulifanyika katika hifadhi ya Ol Pejeta. Hoja yake, ukiisikia kwa mara ya kwanza, inaonekana imevutwa kwa nguvu: kwamba mdudu wa milimita chache amebadilisha windo la simba. Ndiyo maana ufundi wa ushahidi unahesabika. Simba huwinda kwa kunyemelea, na hunyemelea akijificha kwenye miti. Walizungushia uzio baadhi ya viwanja na kuacha vingine wazi, katika maeneo yaliyovamiwa na yasiyovamiwa, ili kumtenganisha sisimizi na tembo: palipo na sisimizi mgeni lakini hakuna tembo, miti inabaki. Walipima umbali ambao jicho linaona. Mahali palipokuwa na sisimizi mgeni pamoja na tembo, uwazi ulikuwa umeongezeka karibu mara tatu. Waliwavisha simba jike mikanda ya GPS, wakafuatilia walikoua. Uwezekano wa pundamilia kuuawa ulikuwa karibu mara tatu zaidi kule ambako mgeni hajafika.

Pundamilia, ambao mwaka 2003 walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba wa hapo, mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, nao walifika asilimia 42.

Mwandishi mwenye haraka angemalizia kwa kutangaza kwamba simba wanakwisha. Kamaru na wenzake waliandika walichokipima: idadi ya simba haijashuka, kwa sababu wamehamia kwa nyati. Nyati ni mnyama hatari, si wa kuangushwa na simba mmoja, na gharama ya kumwinda mwaka hadi mwaka, kwa watoto wa simba na kwa ukubwa wa makundi yao, ni hesabu nyingine. Itahitaji mikanda zaidi ya shingoni, na mtu wa kwenda kuukagua kila mzoga kabla fisi hawajaumaliza.